Dada Wetu Hataki Uhuru

Turffontein, Johannesburg
Jumapili, asubuhi

Ndugu Mhariri,
Jarida la Mkekani,
Fordsburg.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta buheri wa afya, wewe na wote wanaokula kwa jasho lako. Mimi pia sijambo, isipokuwa presha, na presha hiyo umenipa wewe.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Jarida lako mnaliacha Fordsburg kwenye duka la vitambaa la mume wangu, Burhani, juu ya kaunta, nami sijawahi kufungia kitu kwa jarida hilo kabla sijalisoma. Muulize mtu yeyote.

Kwa hiyo nilistaajabu kuona mmeanza kuchapa hadithi ya mfululizo iitwayo "Msichana wa Chumba cha Nyuma", ya Bi Jennifer, yule Mkenya anayefundisha chuo kikuu. Inasimulia habari za msichana wa Tanga aliyeletwa Johannesburg na mama mmoja wa Turffontein kwa ahadi ya kufundishwa ushonaji. Badala yake akafanywa mtumishi bila mshahara, pasipoti yake ikafichwa, na mama yake mzazi anaumwa huko nyumbani naye haachiwi kwenda kumwona. Na nyie mkaandika juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwamba hadithi hii "inapiga vita utumwa wa majumbani".

Utumwa! Jamani, Ndugu Mhariri! Utumwa tuliusoma shule ya msingi, tukaufanyia mtihani, ukaisha.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hadithi hiyo hainihusu. Turffontein ina akina mama wengi. Lakini kwa kuwa mimi pia nina msichana wa kazi, tunamwita Dada, na yeye pia ni wa Tanga, na alikuja kujifunza ushonaji, na mama yake pia anaumwa, basi watu wasio na shughuli zao wameanza kunitazama. Juzi niliingia kwenye arusi, ukumbi mzima ukanyamaza, nikasikia mlio wa kijiko kikianguka jikoni. Wakati mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya! Hakuna aliyelisifu.

Basi naleta malalamiko yangu, kwa adabu na kwa namba.

1. Kuhusu hilo neno "mtumwa". Mtumwa hununuliwa. Mimi Dada sikumnunua. Nilipewa na shangazi yake bure, mkononi, na juu yake nikaongezewa kikapu cha machungwa. Mtumwa alivaa minyororo. Dada anavaa malapa, na malapa hayo nilimpa mimi, yalikuwa yangu mwenyewe, tena la kushoto bado zima. Bi Jennifer ana shahada tatu na hizo tofauti hazioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nafuata wahenga, ila nilianza siku ya pili, kwa sababu vyombo vilikuwa vimejaa.

2. Kuhusu jina. Hadithi inalalamika kwamba yule mama hamwiti msichana kwa jina lake. Ala! Kuna jina gani linalozidi Dada? Mimi namwita Dada, mume wangu anamwita Dada, na mume wangu ni mkubwa kuliko baba yake huyo Dada. Tunamheshimu mpaka tumepitiliza. Jina lake nalijua, ni Mayasa, nimelikumbuka sasa hivi bila kumuuliza mtu.

3. Kuhusu chumba cha nyuma chenyewe. Sikukijenga mimi. Tulipohamia tulikikuta uani, kimejengwa na Makaburu wa zamani kwa ajili ya watumishi wao, na kila mtu anajua watu wale walivyokuwa na mpangilio. Hadithi inasema bati linavuja. Uongo mtupu. Linavuja upande mmoja tu, na kitanda tumekisogeza. Inasema pia kwamba usiku mlango wa uani hufungwa kwa nje. Sasa hilo nalo ni la kuandikiwa hadithi? Hapa jirani kuna uwanja wa mbio za farasi. Farasi wale wanagharimu fedha ambazo mimi na wewe hatutaziona, na kila usiku wanafungiwa kwa nje. Sijaona Bi Jennifer akimlilia farasi.

4. Lalamiko hili nimeliondoa kwa ushauri wa mume wangu, aliyesema likisomwa na polisi tutapata tabu.

5. Kuhusu pasipoti. Bi Jennifer ameandika kwamba pasipoti ya msichana imefichwa ndani ya pipa la unga. Huu ni uzushi wa kunichafulia jina! Iko juu ya kabati, ndani ya sanduku, chini ya kanga zangu za arusi, na ufunguo wa sanduku ninao kiunoni. Mji huu una wezi, Ndugu Mhariri. Wanakunyang'anya simu mchana kweupe umesimama kwenye robot unangoja taa iwe ya kijani. Mimi niliichukua pasipoti yake mapema, kabla wezi hawajaichukua. Halafu aende nayo wapi? Hata spaza ya hapo pembeni, ambako tunanunua mkate, simwachi aende peke yake, nachelea atapotea. Miaka yote hii hajapotea hata siku moja. Hiyo si kazi yangu?

6. Kuhusu chakula. Hapa ndipo nilipotaka kulichana jarida lako. Eti msichana wa kwenye hadithi analala na njaa. Ndugu Mhariri, wewe ni mtu wa pwani, utanielewa. Mtoto aliyelelewa vizuri hapokei kitu kwa mara ya kwanza. Ukimkaribisha anasema, "Ahsante, nimeshiba." Ukimpa nguo anasema, "Ninayo, mama." Hiyo ndiyo adabu, na Dada alipofika hakuwa nayo. Alikuwa anapokea tu, kama mtu mwenye njaa. Nikamfundisha mimi mwenyewe. Nilimwambia mwanangu, unapopewa, kataa. Na ukilazimishwa sana ndipo upokee, kwa mikono miwili, na goti ulikunje kidogo. Sasa amefuzu. Kila siku namkaribisha nyama, kila siku anasema ahsante mama nimeshiba, nami nairudisha nyama kwenye sufuria. Kosa langu liko wapi? Nimlazimishe? Ninyi si ndio mnaosema watu wasilazimishwe!

7. Kuhusu mama yake. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo Bi Jennifer amenifanya mimi, yaani yule mama wa kwenye hadithi, kuwa mtu asiye na huruma. Ni kweli mama yake Dada anaumwa. Figo, nadhani, au ini, ni kimoja kati ya vile vya ndani. Ni kweli Dada ameomba kwenda kumwona. Lakini mimi sijawahi kumkatalia! Neno "hapana" halijatoka kinywani mwangu. Nilimwambia tutaona baada ya Ramadhani. Baadaye nikamwambia tutaona baada ya Idi, maana Idi ina wageni. Halafu shule zikafunguliwa, halafu mume wangu akapata mafua. Siku hizi haombi tena. Anasikiliza sauti za mama yake kwenye simu ya binti yangu Sumaiya, anaosha vyombo, basi. Mtu asiyeomba ameridhika, au siyo?

Basi nilipoona mmeniharibia jina kwa hadithi, nami nikaamua kuwajibu kwa hadithi. Dawa ya moto ni moto. Nimeandika riwaya yangu iitwayo "Raha ya Chumba cha Nyuma", nami naiambatisha hapa ili muichape mahali pa ile ya Bi Jennifer, na kwa herufi kubwa zaidi. Nitakudokezea kidogo.

Ndani yake kuna msichana wa kazi aitwaye Furaha. Furaha huamka kabla ya kengele ya simu, akiimba. Mikono yake inapenda sabuni. Bi mkubwa wake, mama mzuri wa umbo, mcha Mungu, mwenye gauni jipya, anamwambia, "Furaha, leo pumzika." Furaha anaangua kilio: "Nimekosa nini, bi mkubwa, hata unipumzishe?" Nilipoiandika sehemu hiyo nililia mwenyewe.

Kisha anatokea adui. Jina lake nimelibadilisha ili mtu yeyote asijulikane. Ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu, ana miwani na gari jekundu, na siku ya Idi alikuja kula pilau ya watu huku akichungulia jikoni. Anamnong'oneza Furaha habari za haki. Furaha, kwa utoto, anatoroka na kwenda Yeoville, anapata kazi kwenye saluni ya Wakongo. Hapo mateso yanaanza. Analipwa kila mwisho wa mwezi. Mshahara unamkondesha. Analazimika kuchagua mwenyewe atakula nini, na kuchagua kunampa vipele. Siku za Jumapili hana kazi, anazurura tu barabarani akitafuta chombo cha kuosha, mpaka watu wanamhurumia. Mwishowe anarudi Turffontein kwa miguu, anagonga mlango wa uani, na bi mkubwa anamfungulia bila kumsema hata kidogo, anampa ndoo tu.

Niliisoma kwa familia yangu. Mume wangu alisema ni ndefu. Sumaiya, ambaye amezaliwa huku na Kiswahili anakielewa lakini kwangu hakitoi, alisema, "Eish, Mama," akaingia chumbani kwake. Dada nilimsomea akiwa anakuna nazi. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa, halafu akauliza swali moja tu: "Huyu Furaha hana mama?" Nikamwambia hana, hadithi haiwezi kubeba watu wote. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea na nazi yake. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Swali lenyewe halikuwa na maana.

Sasa imebaki sura ya mwisho, nayo ndiyo itakayomfunga mdomo Bi Jennifer. Ndani yake bi mkubwa anamwita Furaha mbele ya watu, anampa pasipoti yake na kumwambia, "Chukua, mwanangu, uko huru." Naye Furaha anaikataa. Anaitupa chini, anaikumbatia miguu yangu na kusema uhuru wake ni humu humu.

Lakini watu wa siku hizi hawaamini kitu mpaka wakione. Kwa hiyo nimeona sura hiyo nisiibuni, bali niishuhudie kwanza ndipo niiandike. Leo alasiri, baada ya kisomo cha akina mama hapa nyumbani kwangu, mbele ya wote, nitampa Dada pasipoti yake kweli kweli. Bi Jennifer nimemwalika mwenyewe, aje na miwani yake. Dada sijamwambia lolote, ili kusiwe na udanganyifu. Wala sina wasiwasi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nimemlea mimi: hajawahi kupokea kitu kwa mara ya kwanza tangu nilipomfundisha. Atasema, "Ninayo, mama," au "Nimeshiba, mama," lolote kati ya hayo nitaliandika. Mara ya pili sitamlazimisha.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo: hadithi ya Bi Jennifer isimame mara moja, isichapwe hata mstari mwingine, yangu ianze Ijumaa hii, na picha yangu iwekwe, ile niliyopiga Fordsburg nikiwa na gauni nililolitaja.

Nakutakia kazi njema na moyo wa toba. Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga chapa, mgawa majarida, na mlinzi wa getini ambaye huwa ananisalimia vizuri. Mume wangu anakusalimu. Sumaiya anakusalimu, ingawa kwa Kiingereza. Dada pia angekusalimu, lakini yuko na vyombo. Bi Jennifer usimsalimie.

Ni mimi, dada yako katika Uislamu na katika ukweli,
Biubwa wa Burhani

Tanbihi. Ndugu Mhariri, nilikuwa sijaifunga bahasha. Sasa ni jioni.

Kisomo kilikwisha vizuri. Akina mama walikunywa chai, nikasimama, nikamwita Dada kutoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono. Nikatoa pasipoti nikasema maneno yangu ya sura ya mwisho, yote, kwa sauti: "Chukua, mwanangu, uko huru." Akaitazama. Nami kwa mazoea, kama tunavyomwambia mgeni anayeogopa kula, nikaongeza, "Chukua tu, usione haya."

Akapokea! Kwa mikono miwili, na goti akalikunja kidogo, sawasawa kama nilivyomfundisha. Akasema, "Ahsante, mama." Nikasubiri "nimeshiba". Haikuja.

Akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani hiyo ndiyo shughuli yenyewe niliyowaitia. Mmoja akanikumbatia, akaniambia Mungu atanilipa, na kwamba gauni langu ni zuri. Sasa mtu utamnyang'anya vipi kitu ulichompa mbele ya mashahidi na vigelegele? Nikabaki nacheka tu kwa meno.

Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kimfuko chake. Amevaa viatu alivyokuja navyo kutoka Tanga. Malapa aliyaacha mlangoni, ameyapanga vizuri, kwa kuwa ni yangu. Akaingia kwenye lile gari jekundu, na Bi Jennifer hata kunicheka hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Maharage yako jikoni na sijui hiyo sufuria ya presha inafunguliwa wapi. Chumvi siioni. Lakini si hayo. Sumaiya amekwenda kulala kwenye kitanda cha chumba cha nyuma na hataki kutoka. Nilimfuata nimbembeleze. Akanijibu kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha Tanga, ambacho mimi sikumfundisha: "Mama, ulimnyima mama yake."

Nimekaa hapa ukumbini peke yangu, Ndugu Mhariri, na nakiri nimelia, na safari hii si kwa ajili ya riwaya. Kwa hiyo riwaya yangu naomba unirudishie, au ifungie kitu. Na ile ya Bi Jennifer, tafadhali, nakuomba sana, usiisimamishe. Ichape upesi, hata kabla ya Ijumaa. Yeye ndiye aliyempeleka, yeye ndiye atakayejua na kuandika. Nataka tu kujua kama Mayasa amefika, na kama amemkuta mama yake angali hai.